Projekta ya mkopo, mbegu za maharage na binti yangu anayesomea ualimu

Binti yangu wa kwanza alinipigia simu Jumapili jioni, saa ambayo najua hapigi kusalimia tu. Tulipomaliza shikamoo na habari za huko, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama, nahitaji projekta."

Yuko mwaka wa pili wa stashahada ya ualimu wa elimu ya msingi. Wiki iliyofuata alikuwa aende BTP, yale mazoezi ya kufundisha kwa vitendo ambayo mwalimu yeyote aliyepita chuoni akikumbuka hucheka sasa, ingawa wakati ule hakucheka. Chuoni walikuwa wamefundishwa kutumia teknolojia inayochanganya njia nyingi katika somo moja: picha, sauti, video, maandishi na vitu vya kushika kwa mkono. Mkufunzi wao alisema atakapopita kuwakagua angependa kuona wanavyofanya. Binti akayabeba yote hayo kichwani na kuyaweka kwenye neno moja, projekta.

Baba yake alipoambiwa alicheka. "Anakwenda kufundisha au anafungua banda la video?"

Mimi sikucheka. Mwenye mtoto chuoni anaijua hofu ya kusikia mwanawe amefeli kwa kukosa kifaa. Nikaenda kwenye kikoba chetu, nikakopa laki mbili na nusu, nikashuka Kariakoo, nikanunua projekta ndogo ya kuchomeka flashi, nikaituma kwa basi. Siku mbili baadaye akanitumia picha yake ikiwa juu ya meza, imefungwa utepe kama zawadi ya harusi.

Shule aliyopangiwa iko nje kidogo ya mji wa Morogoro, mahali ambapo ukitoka nje ya darasa unaiona Milima ya Uluguru imekaa na ukungu wake. Alipewa Darasa la Nne, wanafunzi 78, somo la sayansi. Mada ilikuwa uotaji wa mbegu.

Aliposimulia kipindi chake cha kwanza alikuwa analia, kwa hiyo nimeunganisha vipande mwenyewe. Alikuwa amepakua video ya dakika saba. Madirisha aliyaziba kwa vitenge alivyoazima kwa walimu. Umeme ulikuwepo. Picha ilipotokea ukutani, watoto walishangilia hadi darasa la jirani wakatoka kuchungulia. Video yenyewe ilikuwa nzuri, mbegu inapasuka, mzizi unatoka, majani yanafunguka, na nyuma yake muziki. Msimulizi alikuwa anazungumza Kiingereza cha haraka, na chini ya picha maneno yale yale ya Kiingereza yakawa yanapita. Hii ni shule ya serikali, watoto wanasoma sayansi kwa Kiswahili.

Ilipoisha akauliza: ni kipi kinatoka kwanza kwenye mbegu, mzizi au jani? Mikono ilinyooshwa mingi. Nusu wakasema jani.

Mkufunzi alikuwa amekaa nyuma na daftari lake. Kipindi kilipokwisha hakumgombeza. Alimwita chini ya mwembe akamuuliza maswali matatu. Leo nani amefundisha, wewe au video? Yale maandishi yaliyokuwa yanapita chini umemwandikia nani? Na yule kijana wa dawati la mwisho upande wa dirishani, umemwona?

Swali la tatu hakulielewa. Alimkumbuka kijana mwenyewe, kwa sababu walimu walishamwambia ni mvivu wa kunakili. Hakujua kulikuwa na kitu kingine cha kuona.

Jicho lina njia moja

Baada ya simu ile nilifanya kitu ambacho wazazi hatukifanyi mara nyingi, nikamwambia anitumie madokezo yake ya chuoni niyasome. Humo nikakutana na jina la Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, huko Marekani. Mtu huyu ametumia miaka mingi kupima jambo ambalo sisi wengine tunalifanya kwa kukisia: mtu anajifunza vipi anapopewa picha na maneno kwa pamoja.

Matokeo yake ni rahisi kuyaeleza jikoni. Picha ikifuatana na sauti ya mtu anayeeleza, mwanafunzi anaelewa vizuri, kwa sababu jicho linashughulika na picha na sikio linashughulika na maneno. Ukiongeza yale yale maneno kwa maandishi chini ya picha, mara nyingi unamharibia, kwa kuwa sasa jicho moja linatakiwa kusoma na kutazama kwa wakati mmoja. Ukiongeza muziki na mapambo yasiyohusika, unamharibia zaidi. Na video ndefu ikikatwa vipande vifupi, mtoto akapewa nafasi ya kupumua na kufikiri kati ya kipande na kipande, anashika zaidi.

Nilipoyasoma hayo niliiangalia kwa jicho jingine ile televisheni yetu ya sebuleni, yenye habari inasomwa, nyingine inapita chini, bei za fedha za kigeni pembeni, na kona ya juu tangazo la sabuni. Halafu tunalalamika kwamba watu siku hizi hawashiki jambo.

Kwa hiyo video ya binti yangu ilikuwa na kila kitu ambacho alifundishwa kuchanganya: picha, sauti, maandishi, mwendo. Alichokosa ni kukipa kila kimoja kazi yake.

Bibi na redio ya 1973

Naishi na mama yangu mzazi. Jioni moja binti alipopiga, simu ilikuwa kwenye spika na bibi alikuwa anachambua mchele pembeni. Alimsikiliza mjukuu wake akilalamika hadi mwisho, kisha akamtania kama kawaida yao.

"Mke mwenzangu, acha kulia. Sisi tulisomeshwa na redio, lakini redio haikuachwa peke yake."

Alikuwa anazungumzia kampeni ya Mtu ni Afya. Wasomaji wenye umri wa mama yangu wataikumbuka. Mwaka 1973, Tanzania nzima, watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio ili wajifunze kuzuia magonjwa kama malaria, kuhara na kichocho. Bibi alikuwa ameolewa karibuni, huko Handeni. Redio ilikuwa moja kwa kikundi kizima. Siku ya kipindi walikaa, wakasikiliza. Redio ikazimwa. Kiongozi wa kikundi akafungua kitabu, akasoma sehemu ya wiki hiyo, anayejua kusoma akifuatisha na asiyejua akitazama michoro. Halafu wakabishana. Na kabla ya kutawanyika waliamua watakachokifanya kabla ya wiki nyingine: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi.

"Tulibishana sana kuhusu choo," bibi alisema. "Mzee mmoja alikataa, akasema redio haijui ardhi yake ina mawe. Tukaenda kuangalia. Kweli ilikuwa na mawe. Tukamchimbia upande wa pili."

Upande wa pili wa simu kulikuwa kimya. Kisha binti akauliza: "Bibi, mlikuwa mnasikiliza mara moja tu?" Akajibiwa ndiyo, ndiyo maana walisikiliza. Nikasikia kalamu inaandika.

Chupa sita

Alichofanya baada ya hapo hakikugharimu hata elfu kumi. Aliokota chupa za plastiki za maji, akazikata shingo. Ndani akaweka karatasi laini zilizolowanishwa, na mbegu za maharage akazibana kati ya karatasi na ukuta wa chupa ili zionekane kutoka nje. Chupa sita, makundi sita, kila kundi watoto 13. Nne ziliwekwa dirishani. Moja iliwekwa bila maji. Moja ilifungiwa kwenye kabati la vitabu, gizani.

Alimwomba ruhusa mwalimu mkuu ya kutumia simu yake, kwa masharti mawili: picha zionyeshe chupa na mikono tu, sura za watoto zisionekane, na watoto wenyewe wasilete simu shuleni. Kila asubuhi kabla ya kengele aliiegemeza simu kwenye tofali lile lile, mahali pale pale, akapiga picha moja kwa kila chupa. Kila siku kundi moja lilikuwa na zamu ya kusimulia kwa sauti kilichobadilika, naye akairekodi. Baada ya siku kumi alikuwa na picha kumi za kila chupa, akaziunganisha kwenye simu kuwa video fupi zisizofika dakika moja, bila muziki na bila maandishi. Sauti ilikuwa ya watoto wenyewe, kwa Kiswahili cha Morogoro.

Kuna jambo alinisimulia kwa aibu. Kwenye andalio lake la somo alikuwa ameandika kwamba mbegu huhitaji maji, hewa, joto na mwanga ili iote. Siku ya sita walifungua kabati mbele ya darasa. Maharage ya gizani yalikuwa yameota. Yalikuwa marefu kuliko ya dirishani, membamba, ya manjano, yamejikunja yakitafuta mlango, lakini yameota. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, hii haikupata mwanga." Ikabidi afute ubaoni mbele yao. Mbegu ya haragwe haihitaji mwanga ili iote. Mmea ndio unaouhitaji baadaye ili ujitengenezee chakula na kuwa kijani. Ile ya kwenye chupa kavu ilikuwa vile vile kama siku ya kwanza.

Na yule kijana wa dawati la mwisho? Zamu ya kundi lake ilipofika, alichukua chupa akaipeleka hadi karibu na pua. Akapapasa mzizi kwa kidole, akausimulia vizuri kuliko wote: kwamba una vinyweleo, kwamba umeshuka chini hata mbegu ilipolazwa ubavu. Binti yangu alikuwa ameshika simu inarekodi, na hapo ndipo akalielewa swali la mkufunzi. Siku ya projekta kijana huyu alikuwa ameugeuzia ukuta sikio, hakuugeuzia macho. Hakuwa mvivu wa kunakili. Ubao alikuwa hauoni.

Alimwambia mwalimu wa darasa, kijana akahamishiwa mbele, na baba yake, dereva wa bodaboda, akaitwa. Alikuja na wasiwasi akidhani mwanawe amevunja kitu. Alisema nyumbani walishazoea kumwona anasoma huku kitabu kimekaribia kugusa uso, wakadhani ni mtindo wake. Walikwenda hospitali, akapimwa, akaandikiwa miwani. Ilichukua wiki tatu kupata fedha za kuinunua. Mzazi unayesoma hapa, kama mwanao anafumba jicho moja akisoma, anasogelea televisheni kila ukimrudisha nyuma, au daftari lake lina makosa ya kunakili lakini ukimuuliza kwa mdomo anajua, anza na macho yake kabla ya kuanza na fimbo.

Ukaguzi wa pili ulikuja siku ambayo umeme ulikatika saa mbili asubuhi. Hakuhangaika. Kundi la kwanza lilikuwa na chupa zenyewe, la pili likasikiliza sauti kupitia kispika kidogo, la tatu likapanga michoro ya hatua za uotaji iliyochanganywa, la nne likatazama picha kwenye kishikwambi cha mwalimu wa darasa, na mengine mawili yakachora na kuandika. Kila baada ya dakika chache yakabadilishana. Kishikwambi hicho ni kati ya vile vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 na baadaye vikagawiwa kwa walimu. Mwalimu yule alikuwa amezoea kusomea humo vitabu tu, na siku hiyo alikaa na kundi la nne hadi mwisho.

Halikuwa somo safi. Kundi la kusikiliza liligombania kispika, chupa moja ilimwagika kwenye daftari la mtu, na kengele ililia kabla ya kundi la mwisho kumaliza mzunguko. Mkufunzi alimwambia makundi sita ni mengi kwa kipindi cha dakika 40, angeanza na matatu. Lakini aliporudia lile swali, mzizi au jani, darasa zima lilijibu kabla hajamaliza kuuliza.

Alama hakunitajia. Alisema tu, "Nimepita, Mama," kisha akaomba kuongea na bibi.

Projekta imerudi nyumbani kwa basi. Baba yake amepiga ukuta wa uani rangi nyeupe, na Jumamosi majirani wanakuja kutazama mpira. Marejesho ya kikoba yamebaki mawili.