Kwetu Mwadui bwana, acheni niseme!

Ndugu msomaji, leo naanika siri yangu hadharani. Kwa miaka mingi nimekuwa mwongo. Hapa Dar kila aliyeniuliza, "Wewe kwenu wapi?" nilimjibu bila kupepesa macho: "Mwanza." Mwanza ina ziwa, ina sato, ina jina. Ukisema Shinyanga, watoto wa mjini wanakuuliza umekuja na ng'ombe wangapi!

Ukweli ni kwamba nilizaliwa Mwadui, nikakulia Kambarage, pale pale Shinyanga mjini, jirani na uwanja wa mpira. Siri ilitoboka kijiweni siku mshikaji mmoja, Mwanza wa kweli, aliponiuliza nilisoma shule gani. Nilibabaika mpaka jasho likanitoka. Vicheko vyake usipime! Usiku ule nikaapa: likizo hii naenda kwetu, nikapajue.

Ukitoka Kambarage unadandia basi dogo la barabara ya Mwanza. Nchi ni tambarare, macho yanachoka kabla ya kufika mwisho. Unaona mbuyu mmoja mmoja, mawe makubwa yaliyobebana, mashamba ya pamba na ng'ombe. Kiangazi ni vumbi tupu. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi wa mbugani unakuvua viatu. Saa moja haiishi, unashuka Maganzo, kamji ka barabarani kenye pilikapilika. Mwadui iko jirani tu, wilaya ya Kishapu.

Maganzo ndiko aliko mjomba, dereva mstaafu wa mgodini. "Mwangaluka, mpwa wangu!" Akaniwekea michembe na chai, akaanza kunipa mambo.

Kumbe, mjomba anasema, mji mzima umekaa juu ya mlipuko. Mamilioni ya miaka iliyopita, uji wa moto ulichomoka kutoka kina cha zaidi ya kilomita 100, ukapasua ardhi na kubeba almasi hadi juu. Mwamba wake unaitwa kimbalaiti, kwa jina la mji wa Kimberley kule Afrika Kusini. Wa Mwadui una upana wa hekta 146. Hapo unapanga viwanja vya mpira zaidi ya 200 kama kile cha Kambarage! Katika miamba ya almasi iliyochimbwa duniani, huu unatajwa kati ya mipana kuliko yote.

Aliyeugundua mwaka 1940 ni John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aliyezunguka maporini huku mfuko umetoboka. Wakili mmoja wa Mwanza, Chopra, ndiye aliyemkopesha fedha, wakawa wabia. Mwadui ikageuka mji ndani ya ukuta: nyumba, hospitali, shule, uwanja wa ndege, vyote vya mgodi. Walio ndani walikuwa na taa na maji ya bomba. Walio nje waliziangalia taa.

Mwaka 1947 likapatikana jiwe la pinki la karati 54.5. Usitishwe na karati, ni kama gramu 11 tu, unalifumbata kiganjani. Williamson akampa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, zawadi ya harusi. Likakatwa London likabaki karati 23.6, likawa moyo wa ua la almasi ambalo malkia alilibandika kifuani miaka nenda rudi.

Williamson alikufa mwaka 1958, na mwaka huo huo De Beers na serikali ya kikoloni wakaununua mgodi nusu kwa nusu. Miaka ya 70 ukawa wa serikali yetu. De Beers wakarudi mwaka 1994, na mwaka 2009 asilimia zao 75 zikachukuliwa na Petra Diamonds. Wenye mali wakaja wakaenda, shimo likabaki.

Sasa sikia hii. Mwaka 2021 lilitoka Mwadui jiwe jingine la pinki, karati 32. Likauzwa likiwa ghafi kwa dola milioni 13.8. Likasafishwa ughaibuni likabaki karati 11.15, na Oktoba 2022 likapigwa mnada Hong Kong kwa dola milioni 57.7! Kuanzia ghafi mpaka mnada, bei ilipanda zaidi ya mara nne, na kazi hiyo haikufanyika Shinyanga.

Mwezi uliofuata, Novemba 2022, bwawa la tope la mgodi likapasuka. Tope likafunika nyumba na mashamba ya majirani.

Nikamuuliza mjomba, yale mawe mawili yanaitwaje? La malkia linaitwa Williamson. La Hong Kong nalo, Williamson Pink Star.

"Na lipi linaitwa Mwadui?"

Mjomba akacheka. "Timu ya mpira." Kweli bwana, Mwadui ilirudi Ligi Kuu mwaka 2015, ikashuka 2021.

Nikacheka, kisha kicheko kikanikwama kooni. Maana mimi nimefanya yale yale. Wageni walilipa jiwe jina lao, na mimi mzaliwa nikajipa jina la mji wa watu. Nani sasa atasema Mwadui ipo?

Wakati wa kuagana sarafu ilinidondoka. Mjomba aliangalia kushoto, akaangalia kulia, ndipo akainama kuiokota. "Mazoea ya mgodini," akasema. "Kule kuinama kulikuwa na maswali." Miaka yote hiyo amepita juu ya almasi, na hajawahi kumiliki hata moja.

Nimesharudi Dar. Juzi kijiweni yule mshikaji akanichokoza tena: "Vipi, wa Mwanza?"

Nikamwambia, "Kwetu Mwadui. Kaa chini nikusimulie." Akakaa, na chai nililipiwa mimi.

Na wewe msomaji, wakikuuliza kwenu, unajibu wapi?