Nilivyofunzwa Bastola ya Mti Mjini Meru

Mabingwa wa upinde katika nchi za Kiislamu walikuwa na jambo moja ambalo kila mwanafunzi alilipitia kwa makini kabla ya kuruhusiwa kuachia mshale: kabdha, yaani namna ya kiganja kushika upinde. Mwalimu Taibugha, aliyeandika kitabu chake cha mafunzo katika karne ya 14, zama za Mamluki wa Misri na Sham, anaeleza jinsi maimamu wa fani hiyo walivyohitilafiana juu ya mshiko, huyu akipendelea hivi na yule vile. Neno lenyewe si geni kwetu watu wa pwani. Shina lake ndilo lililotupa kukabidhi, na mtu bahili tumemwita kabidhi kwa kuwa akishika haachii.

Basi, msomaji, neno hilo lilinijia akilini mbali sana na bahari. Nilikuwa Meru, nimepanda kwa njia ya Embu, Runyenjes na Chuka, mlima Kenya ukiwa mkono wa kushoto, umejifunika mawingu kama bi harusi. Mwenyeji wangu ni mfanya biashara wa miraa ambaye mizigo yake imekuwa ikiteremka Mombasa kwa miaka mingi, na huko ndiko tulikojuana. Wazee wa Kimeru, kwa njia, husimulia kuwa asili yao ni Mbwaa, kisiwa cha pwani walikotoroka mateso ya watu wenye nguo nyekundu, na wako wanahistoria waliokitafuta kisiwa hicho upande wa Manda. Kwa hiyo bwana huyu huniita jamaa, na akitaka kunitania huniita Sheikh.

Ana bastola yenye cheti, na mchezo wake wa Jumamosi ni kulenga shabaha. Mimi sina cheti, na sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, haifanyi mzaha na mkono usio na ruhusa. Wenye vyeti wenyewe walionja ukali wake Disemba 2018, serikali ilipobatilisha vyeti vyote vya raia na kuwataka wahakikiwe upya. Kwa hiyo chuma chake kilibaki ndani ya kasha lililofungwa ukutani, nami nikapewa bastola ya mti aliyoichonga seremala wa mtaani, nzito kidogo, yenye mpini uliokaa sawasawa. Nilidhani ni kitu cha kuchezea watoto. Kumbe hiyo ndiyo chuo chake. Mwenyewe huishika robo saa kila usiku.

"Sheikh," aliniambia, "shabaha haianzi jichoni. Huanza hapa." Akanigusa ile panda iliyo baina ya gumba na kidole cha shahada.

Panda hiyo hupandishwa juu kabisa nyuma ya mpini, pasibaki nafasi. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Mtutu uko juu ya mkono, na teke la bastola linarudi kwa mstari wa mtutu. Kadiri mkono unavyokaa chini ndivyo teke linavyopata wenzo wa kuinua mdomo wa bastola kuelekea mbinguni. Vidole vitatu vya chini hukumbatia mpini. Kidole cha shahada hukaa kando, kimenyooka, hakigusi kifyatuo mpaka bastola ielekee shabaha na moyo uwe umekwisha kuamua. Niliwaza kuwa ni kidole kile kile tunachokiinua katika kikao cha sala, tukishuhudia. Sikumwambia, lakini tangu hapo sikuhitaji kukumbushwa kukiweka kando.

Mkono wa pili ndio wengi wasioujua. Katika sinema mtu huutia chini ya mpini, kama kisahani chini ya kikombe, na hapo haufanyi kazi yoyote. Mahali pake ni ubavuni: kiganja cha kushoto hujaza pengo lililoachwa na cha kulia, vidole vyake vikafunika vya mwenzake, magumba yote mawili yakatazama mbele. Mkono huu wa pili ndio unaobana zaidi, ili wa kulia ubaki na wepesi wa kuvuta kifyatuo. Vifundo vya mikono hukazwa, mabega hutangulia mbele kidogo, magoti hulegezwa. "Ukiikaba kama shingo ya kuku itatetemeka," alisema, "na ukiilegeza itakurukia."

Mtindo huu wa mikono miwili ni wa juzi tu. Zamani askari na wanamichezo walinyoosha mkono mmoja, na katika Michezo ya Olimpiki bastola hupigwa hivyo hata leo. Ni Wamarekani, akiwamo askari Jack Weaver wa California mwishoni mwa miaka ya 1950, walioshinda mashindano kwa mikono miwili hadi wenzao wakawaiga.

Sasa niseme juu ya teke lenyewe, maana hapo ndipo penye siri. Risasi ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi, nayo hutoka kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde. Bastola ya kilo moja hulazimika kurudi nyuma kwa mwendo wa mita 3 au zaidi kidogo. Mkono wa mtu mzima hauvunjwi na hilo. Tena risasi hupita mtutuni kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na imekwisha kwenda zake kabla mdomo haujainuka sana. Kwa nini basi mpigaji mpya hupiga mchanga? Ni kwa sababu mkono wake umelijibu teke kabla halijaja. Anafumba macho, anasukuma chini, anavuta kifyatuo kwa pupa. Ni kama malenga mchanga anayekimbilia kina kabla mizani haijatimia: shairi limekwisha kuharibika na yeye hajafika kituo.

Dawa yake ni risasi bubu, yaani ganda lisilo na baruti. Mwenzako huichanganya na za kweli bila wewe kujua ilipo. Ukiifikia, bastola hailii, na hapo mkono husema ukweli wote, kwani mdomo wa bastola huonekana ukizama chini kwa kishindo ambacho hakikutokea.

Watu wa milima hii wana sababu ya kujua kurudi kwa bunduki kuliko wengi wetu. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa misitu ya Meru na Embu walijitengenezea silaha: kipande cha bomba la maji kikawa mtutu, mti ukawa kitako, komeo la mlango likawa la kugongea risasi, na ukanda wa mpira wa gurudumu la gari ukawa wa kulivuta komeo. Hazikuwa na uhakika hata kidogo. Bomba liliweza kupasuka usoni mwa mwenye kulishika. Mtu alishika kwa mkono mmoja matumaini na kwa mwingine hatari ya kupofuka. Na bado wako waliodumu, kama Musa Mwariama wa Meru, aliyebaki msituni hadi uhuru wa Disemba 1963. Mwenyeji wangu alinionyesha kwa mikono mitupu jinsi babake alivyomweleza ushikaji wake: mbali na uso, kichwa kimegeuzwa pembeni. Kila somo alilonipa kwenye bastola ya mti lilikuwa kinyume cha hilo.

Mkono hufundishika, hata uliokwisha kuharibika. Mhungaria Károly Takács alipoteza mkono wake wa kulia kwa guruneti mwaka 1938. Akajifunza kwa wa kushoto, akatwaa dhahabu ya bastola katika Olimpiki za 1948 na 1952.

Jumamosi tulifuatana hadi uwanja wa shabaha wa Kirigiti, Kiambu, yeye na mkewe, ambaye naye ana cheti. Mimi nilikaa nyuma ya mstari, masikio yamezibwa. Bwana alipiga vizuri, matundu yameenea kwenye karatasi kama kiganja kilichokunjuliwa. Ikaja zamu ya bibi, mwanamke mwembamba wa mikono midogo. Risasi bubu ilipomfikia katikati ya mfululizo, mdomo wa bastola haukutikisika. Alisimama tu akaitazama, kisha akaitoa, akaendelea. Matundu yake yote yangefunikwa na kikombe cha kahawa.

"Huyu alianza na ile ya mti mwaka mzima," mumewe akaninong'oneza, akainama kuokota maganda.