Jaza Memori Kadi Kabla ya Kuiamini

Mpigapicha wa harusi anayenunua kamera huuliza maswali hadi muuzaji achoke. Ikifika zamu ya memori kadi, huchukua ya bei nafuu na kuondoka. Sikubaliani kabisa na desturi hiyo, kwa sababu picha zote za maharusi hulala kwenye kadi hiyo kabla ya kufika kwingine, na ndoa hairudiwi kwa ajili ya mpigapicha.

Tarakimu kubwa usoni mwa kadi, tuseme 170 MB/s, kwa kawaida ni kasi ya kusoma, yaani ya kuhamisha picha kwenda kompyuta. Kamera inaporekodi, inaandika. Kasi ya kuandika ambayo kadi inaahidi kutoshuka chini yake imo kwenye alama ndogo: V30 ni megabaiti 30 kwa sekunde, V60 ni 60, V90 ni 90. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu, maana baiti moja ni biti nane, hivyo V30 inatosha na kubaki. Kamera ikirekodi kwa megabiti 400 itahitaji megabaiti 50, na hapo ndipo V60 inapostahili bei yake. Kadi za UHS-II, zenye safu mbili za pini za rangi ya dhahabu mgongoni, ni ghali. Kwenye kamera isiyozitambua hufanya kazi kwa kasi ndogo zaidi, ya UHS-I tu.

Balaa kubwa zaidi ni kadi feki. Ndani ya kila kadi kuna kidhibiti kinachoiambia kamera ukubwa wa nafasi iliyopo. Matapeli hubadili programu yake ili kadi ya GB 8 ijitangaze kuwa ya GB 128, na kamera haina njia ya kubisha. Picha za mwanzo huandikwa salama. Nafasi halisi ikiisha, zinazofuata hupotea au huandikwa juu ya zilizotangulia, huku majina ya mafaili yakiendelea kuonekana kana kwamba hakuna kilichotokea. Mpigapicha hugundua akiwa nyumbani, wageni wameshatawanyika.

Kwa hiyo, uwe umenunua Kariakoo, Luthuli Avenue au mtandaoni, ijaribu siku hiyohiyo ikiwa bado tupu na risiti ingali mkononi. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, zote za bure, huijaza kadi nzima kwa data maalumu, kisha huisoma kuhakikisha kila kipande kimerudi kama kilivyoandikwa. Kwa kasi ya megabaiti 30, kuijaza GB 128 huchukua saa moja na dakika kumi hivi. Iache ifanye kazi, wewe endelea na shughuli zako.

Hata kadi isiyo feki huumia kwa haraka zetu. Usiichomoe taa ya kamera ikiwa inawaka: kamera huenda bado inaandika orodha ya mafaili, na orodha ikiharibika picha hazionekani hata kama zimo. Ifomati ndani ya kamera yenyewe, baada ya nakala kuwa sehemu mbili tofauti. Ukifuta kwa bahati mbaya, acha kupiga papo hapo na uitoe kadi. Mara nyingi kilichofutwa ni orodha tu, na programu ya PhotoRec, ya bure pia, inaweza kuzirudisha picha. Kila picha mpya unayopiga inapunguza uwezekano wa kuzirudisha.

Usiigeuze kadi kuwa ghala. Chaji inayoshikilia data huvuja taratibu kadiri miaka inavyopita, na joto huharakisha uvujaji, kwa hiyo droo ya studio yenye bati la moto si mahali pa kuweka harusi ya mtu. Kama kamera yako ina nafasi mbili za kadi, iweke iandike kila picha kwenye zote mbili, hata kama itakulazimu kununua kadi ndogo zaidi ili upate mbili.