Mji wa The Hague na Neno Lake la Mbele

Burnt Forest ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, na wengi wa wenyeji wake ni watu wa mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Tangu mwaka 2009 hadi 2016 jina la mji mmoja wa Ulaya lilikuwa likitajwa huko sokoni na barazani, hata na wazee ambao hawajapata kuvuka mpaka wa Kenya. Mji huo uko Uholanzi. Kwa Kiingereza huitwa The Hague. Lakini vinywani mwa watu, na aghalabu katika barua zao za Kiingereza pia, ulikuwa Hague tu.

Sababu ya kutajwa kwake yajulikana. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, nyumba nyingi za Burnt Forest ziliteketezwa kwa moto, kama zilivyoteketezwa zamani katika mwaka 1992. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika nchi nzima. Ilipofika Februari 2009 Bunge liliukataa muswada wa kuunda mahakama maalumu nchini, na baadhi ya wabunge wakajipatia msemo wa Kiingereza wenye vina, vague na Hague. Msemo huo, hata kama haukuwa na faida nyingine, ulifundisha matamshi: Hague ni silabi moja, heig, wala si ha-gu-e kama Mswahili angependa kuisoma.

Lakini ulilizoesha sikio kosa jingine, nalo ni kuliacha lile neno dogo the. Katika Kiingereza neno hilo ni sehemu ya jina lenyewe. Mtu husafiri "to The Hague", na mahakama iko "in The Hague". Waandishi waangalifu, na mahakama zenyewe zilizoko huko, huandika T kubwa hata katikati ya sentensi. Karani apangaye majina kwa abjadi, hata hivyo, ataukuta mji huo chini ya herufi H.

Asili yake ni Kiholanzi. Wenyeji huuita Den Haag, na jina lake refu la zamani ni 's-Gravenhage, maana yake ua wa bwana wa jimbo, kwa kuwa mabwana wa Holland walikuwa na makao yao hapo. Haag ni ua, na den ndilo the lao. Wafaransa nao husema La Haye, wasiliache neno la mbele. Wakulima wa Kiafrikana waliopanda uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe walisema lugha iliyozaliwa na Kiholanzi hicho hicho.

Wala haifai kudhani kwamba kuna kanuni moja kwa miji yote. Mji wa Cairo kwa Kiarabu ni al-Qahira, lakini Waingereza wameitupa al. Dar es Salaam, kinyume chake, imeihifadhi ile es ya katikati, nayo ni neno la namna hiyo hiyo. Anayeandika Dar Salaam ataonekana mgeni mara moja. Burnt Forest yenyewe ni mfano mzuri kuliko yote. Maneno hayo mawili ni ya Kiingereza, na maana yake ni msitu ulioungua. Kama yangalikuwa maelezo tu, yangalihitaji the mbele yake. Kwa kuwa yamekuwa jina, hayana. Desturi ndiyo iamuayo, si akili.

Katika Kiswahili shida hiyo hupungua, maana lugha yetu haina neno la namna ya the. Asemaye "mahakama ya Hague" hakuvunja sarufi, naye aandikaye "mjini The Hague" amelifuata jina la Kiingereza kwa ukamilifu. Asichanganye yote mawili katika barua moja.

Kuna kosa zito kuliko hilo, nalo ni kuufanya mji kuwa jina la mahakama. Mahakama kubwa za huko ni zaidi ya moja. Ile ihukumuyo nchi dhidi ya nchi imo katika Jumba la Amani, lililofunguliwa mwaka 1913. Ndiyo iliyoamua shauri la mpaka wa bahari baina ya Somalia na Kenya tarehe 12 Oktoba 2021. Ile ya Jinai, ihukumuyo watu, ni nyingine kabisa, ikaanza kazi mwaka 2002. Barua yenye neno Hague peke yake haijasema inakwenda wapi.

Na katika Mahakama ya Jinai majina ya mahali yalikuwa na uzito ambao wengi hawakuufahamu. Tarehe 23 Januari 2012 majaji waliyathibitisha mashtaka dhidi ya William Ruto na Joshua arap Sang. Mahali palipotajwa ni Turbo, Kapsabet, Nandi Hills, na eneo la Eldoret, yaani Huruma, Kiambaa, Kimumu, Langas na Yamumbi. Burnt Forest haikuwamo. Na mahakama ile huwapokea kuwa wahasiriwa wa kesi wale tu waliodhurika kwa makosa yaliyomo katika mashtaka. Hivyo mkulima wa Burnt Forest aliyechomewa nyumba na ghala angaliweza kuandika The Hague kwa usahihi wote, T kubwa na yote, na jina la mji wake mwenyewe likawa ndilo linalokosekana.

Kesi ilianza kusikilizwa Septemba 2013. Tarehe 5 Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu waliikomesha, pasipo kuwatia washtakiwa hatiani wala kuwatangaza kuwa hawana hatia.