Skuta ya Umeme Ikikataa Kupanda Kilima

Wasomaji wa gazeti letu bila shaka wamekwisha kuziona skuta za umeme zipitazo barabarani bila moshi. Wengi hudhani ya kuwa chombo hiki kikiharibika dawa yake ni moja tu, kununua betri mpya. Dhana hiyo ni ya gharama kubwa, nami nataka kueleza jinsi mtu mwenye mita ndogo ya umeme, na fizikia ile tuisomayo darasani, awezavyo kuutafuta ubovu mpaka auone.

Skuta ninayoieleza ni ile ya volti 48. Chini ya kiti mna betri nne za risasi na asidi, jamii ile ile aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Kila moja ni ya volti 12, nazo zimefungwa mfululizo. Umeme hutoka humo, hupita katika fyuzi na viungo vya nyaya, hufika kwenye kidhibiti, yaani kile kisanduku cha bati kigawacho umeme, kisha huingia kwenye mota iliyomo ndani ya gurudumu la nyuma. Kidhibiti kina tabia moja ambayo sharti ijulikane: volti zikishuka chini ya 42 hivi hukata umeme, ili betri zisinyonywe mpaka zife.

Kabla ya kugusa kitu, vua saa na pete. Volti 48 hazimrushi mtu kama umeme wa nyumbani, walakini spana ikigusa ncha mbili za betri hupitisha mamia ya amperi, nayo huwa nyekundu kama kaa la moto. Tena, ukitaka kujaribu mota, inua kwanza gurudumu la nyuma, usije ukaburutwa mpaka jikoni kwa jirani.

Basi, mama mmoja wa mtaani kwetu hupeleka maandazi sokoni kwa skuta ya namna hii. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Ikifika katikati ya kilima hufa, na baada ya dakika moja huamka tena kana kwamba haikuwa na neno. Fundi mmoja aliitazama akasema betri zote nne zimekwisha. Mama akawa tayari kuzitoa fedha alizokuwa akiweka kidogo kidogo kwa ajili ya mabati ya nyumba. Nikamwambia, “Shikamoo mama. Naomba usinunue kwanza, ningoje mpaka Jumamosi.”

Jumamosi nilipima betri skuta ikiwa imesimama. Kila moja ilikuwa na volti 12.6, jumla 50.4. Hizo ni betri zilizojaa, lakini kipimo cha namna hii hakitoshi, kwa sababu hata betri mgonjwa huweza kuonyesha uso mzuri ikiwa haina kazi. Lazima ipimwe inapofanya kazi. Kwa hiyo mama aliendesha, mimi nikakaa nyuma yake na mita mkononi, nyaya zake zimefungwa kwenye betri ya kwanza. Tukapanda kilima mara nne, kila safari betri moja, watoto wakitukimbilia kwa vicheko. Betri zote zilishuka mpaka 12.2 tu. Kama moja ingalianguka mpaka 9 au 10 wakati wenzake wamesimama, hiyo ndiyo ingalikuwa mbovu, na tungalijua.

Safari ya tano nilipima mahali nyaya zinapoingia kwenye kidhibiti. Betri nne zilikuwa zikitoa volti 48.8, lakini pale zilifika 41.8, na skuta ikazima. Volti 7 zilikuwa zimepotelea njiani.

Hapa ndipo anapotufaa Georg Simon Ohm, yule mwalimu wa Kijerumani aliyetangaza kanuni yake mwaka 1827. Upeo wa kidhibiti kile ni amperi 20. Gawanya 7 kwa 20, utapata omu 0.35. Ukinzani huo ni mdogo hata mtu aweza kuudharau, lakini zidisha volti 7 kwa amperi 20: wati 140 zinageuka kuwa joto mahali pamoja. Kwa hiyo sikuwa na haja ya kutafuta kwa macho tu, bali kwa vidole pia. Nyuma ya betri ya mwisho palikuwa na kiungo cha plastiki kilichokuwa moto sana. Nilipokifungua, shaba yake ilikuwa nyeusi na plastiki imeyeyuka upande mmoja.

Nadhani inafaa kutaja maovu mengine kwa ufupi. Taa zikiwaka na mota isigeuke kabisa, chomoa swichi ya breki ujaribu tena gurudumu likiwa juu, maana breki iliyonata humwambia kidhibiti kuwa umeshika breki. Kisha uirudishe, usiendeshe bila hiyo. Kama si breki, pima waya wa ishara wa eksileta: ukizungusha mkono, volti zipande polepole toka kama 0.8 mpaka karibu 4. Mota ikitetemeka bila kuzunguka, shuku nyaya nyembamba zitokazo ndani yake. Na chaja ikionyesha kijani mara tu unapoichomeka, hali betri ni tupu, yawezekana fyuzi imekatika.

Mama alinunua kiungo kipya kwa fedha kidogo. Tuliondoa kwanza waya wa hasi kwenye betri, tukakilehemu na kukifunga vizuri. Tulipopanda tena, volti zilizopotea hapo zilikuwa 0.1. Kile kilichoungua kimo katika kabati la maabara ya fizikia, rafu ya pili. Atakaye kukiona amwombe mwalimu ufunguo.