Anti-TPO Yako Iko Juu. Haya, Kisha?

Swali huja kwa sura ileile kila mara. Mtu amepima damu, na karatasi ya maabara inaonyesha kingamwili za tezi ya thairoidi, zinazoandikwa anti-TPO, zimepita kikomo mara kumi au zaidi. Anasahau vitu, kichwa kizito, usingizi hauji. Ameshasoma mahali kwamba kingamwili hizo hupanda kichwani na kuushambulia ubongo, na sasa anataka kujua atumie nini kuzishusha: mwani, mlonge, vidonge vya seleniamu, au aache ngano? Hajauliza kama kweli ubongo wake unashambuliwa. Hilo ameshaliamua, na karatasi ndiyo shahidi wake wa pekee.

Shahidi huyo ni dhaifu. Uchunguzi mkubwa wa afya nchini Marekani ulikuta anti-TPO kwa takriban asilimia 13 ya watu, wanawake wakiwazidi wanaume, na wengi wao hawana tatizo lolote la ubongo. Kumtia mtu hatiani kwa kipimo hiki ni sawa na kumkamata mpita njia sokoni kwa kuwa mwizi alionekana kavaa shati jekundu. Dhana yenyewe ilianza mwaka 1966, pale Lord Brain, daktari wa neva wa Uingereza, na wenzake walipoeleza katika jarida la Lancet habari za mgonjwa mmoja mwenye ugonjwa wa tezi wa Hashimoto aliyepatwa na vipindi vya kuchanganyikiwa na dalili zilizofanana na kiharusi. Mgonjwa mmoja! Jina la “ensefalopathi ya Hashimoto” likashika. Ila wataalamu wa Mayo Clinic walipochambua mwaka 2021 wagonjwa 144 waliopelekwa kwao kwa shaka hiyo, 105 walikutwa na maelezo mengine kabisa. Miaka miwili baadaye uchunguzi mwingine uliangalia watu 107 walioambiwa kimakosa kwamba wana mchochota wa ubongo unaoletwa na kinga ya mwili. Miongoni mwa kingamwili zilizowapotosha madaktari, anti-TPO ilikuwa mstari wa mbele. Baadhi ya watu hao walikuwa na sonona, wengine magonjwa ya kuzeeka kwa ubongo, na wapo walioumizwa na dawa ambazo hawakuzihitaji.

Linganisha na kingamwili zenye hatia kweli. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza zile zinazolenga vipokezi vya NMDA, vilivyo juu ya seli za ubongo. Zinapovishika, vipokezi huzama ndani ya seli na mawasiliano yakavurugika. Zikiondolewa, vipokezi hurudi. Njia ya kutoka kingamwili hadi dalili inaonekana hatua kwa hatua. TPO, kwa upande wake, ni kimeng'enya cha seli za tezi, na hakuna aliyeonyesha kwamba kingamwili zake zinaharibu ubongo kwa namna hiyo.

Mtu atasema: mbona wapo waliopewa steroidi wakapona? Wapo, sikatai. Lakini steroidi hutuliza mambo mengi, hata baadhi ya saratani za ubongo kwa muda, na huweza kumchangamsha mtu asiyeumwa chochote. Kupata nafuu hakuthibitishi chanzo. Tena magonjwa ya kinga hupenda kufuatana kwa mtu mmoja, kwa hiyo mwenye mchochota halisi anaweza kubeba anti-TPO pia. Hapo inaashiria tu kwamba kinga yake ina tabia ya kuugeukia mwili wake. Ndiyo maana vigezo vya kimataifa vya 2016 vya kutambua mchochota huo vinaruhusu jina la Hashimoto baada tu ya mengine yote kuondolewa.

Sasa mwani. Una madini joto, tena kiasi chake hubadilika mno kutoka aina hadi aina, na madini joto yakizidi huichochea tezi ya mtu mwenye Hashimoto kuharibika zaidi. Anayeuza unga huo kama “tiba ya tezi na ubongo” anamuuzia mgonjwa kuni za moto wake. Seleniamu huweza kupunguza namba ya anti-TPO, ndiyo, lakini namba ikishuka akili haifunguki kwa sababu hiyo.

La kufanya? Pima kwanza TSH, homoni inayoiamuru tezi. Tezi ikiwa imelegea, uzito wa kichwa una tiba, nayo ni levothairoksini. Lakini kuchanganyikiwa, kuona yasiyokuwepo, degedege, mdomo kuchezacheza wenyewe, au mkono na shavu la upande mmoja kukaza kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, vikitokea ndani ya wiki chache: hospitali, leo. Malaria, VVU, kaswende, kifua kikuu na fangasi za ubongo vitafutwe kabla ya steroidi; maji ya uti wa mgongo yachukuliwe, MRI na kipimo cha umeme wa ubongo vifanyike; asikloviri ianze bila kungoja majibu ikiwa hepesi inashukiwa; msichana apigwe altrasaundi ya ovari kutafuta uvimbe. Kingamwili za ubongo zikipatikana, zipo steroidi, imunoglobulini, kusafisha plazima na rituksimabu. Na anayemeza biotini kwa ajili ya nywele na kucha aiache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, maana inaweza kupotosha kipimo cha TSH chenyewe.