Mimba si sababu ya kufutwa kazi, hata kwa kibarua

Mimi ni mtu wa Pwani, lakini kwa sasa riziki imenileta Webuye, kaunti ya Bungoma. Mji huu uliishi kwa mshahara wa kiwanda cha karatasi cha Pan Paper. Kilipofungwa mwaka 2009, watu wengi walibaki na vibarua: miwa, hoteli, maduka. Na wanawake wengi, hapa na huko kwetu Mombasa, Kilifi na Malindi, wanaamini kibarua hana haki ya uzazi. Tumbo likianza kuonekana, bosi anasema "kesho usije", naye anaondoka kimya.

Sheria haisemi hivyo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, inampa mwanamke miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na likizo yake ya mwaka haiguswi. Sheria ya zamani ilitoa miezi miwili tu, na aliyeichukua alipoteza likizo ya mwaka huo. Akimaliza, ana haki ya kurudi kwenye kazi yake, au nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyopungua yale ya kwanza. Anachotakiwa ni kumwandikia mwajiri angalau siku 7 kabla, na kuleta cheti cha daktari au mkunga akiombwa. Kifungu cha 46 nacho kinasema wazi kwamba mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Utaniambia, "Hayo ni ya wenye barua za kazi." Hapo ndipo kifungu cha 37 kinapoingia. Kisheria, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyechukuliwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi mfululizo hadi mwezi mmoja, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Akifika miezi miwili, anastahili masharti ambayo angepata kama asingeanza kama kibarua. Basi mama anayefua mashuka ya hoteli mwaka mzima, akilipwa kila jioni, si kibarua tena, hata bosi amwite hivyo.

Kuna waajiri wanaolijua hili, ndiyo maana humpumzisha mtu kila baada ya wiki kadhaa ili hesabu ya siku ikatike. Kwa hiyo dada yangu, weka daftari. Andika kila siku uliyofanya kazi na pesa uliyopewa. Usifute ujumbe wa M-Pesa. Na usiogope kwamba huna mkataba wa maandishi: kesi ikifika mahakamani na mwajiri asiulete, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai.

Mwajiri naye ana lake. Hapa Kenya mshahara wa likizo ya uzazi hutoka mfukoni mwake. Jirani zetu Tanzania, mfuko wa NSSF huwalipa wanachama wake mafao ya uzazi. Mwenye duka la wafanyakazi watatu ana haki ya kulalamika, na wengine huogopa hata kuajiri wasichana. Lakini lalamiko hilo lipelekwe bungeni, lisimalizwe kwa kumtoa mjamzito mlangoni.

Jambo la mwisho ni muda, na ndio unaowaponyoka wengi. Ukifutwa, una miezi mitatu ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na miaka mitatu ya kufungua kesi katika mahakama ya leba, ambayo huku inakaa Bungoma na huko kwetu Mombasa. Mahakama ikiona umeonewa, inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Wengi husubiri mtoto akue kwanza, na akianza kutambaa ile miezi mitatu ya afisa wa leba imeshakwisha. Usisubiri: nenda wiki hiyohiyo, na daftari lako mkononi.